Menyu Iliyomchanganya Mzee Kingori

Wamucii alifundisha hesabu Karatina kwa miaka kumi na mitano, kisha akaacha chaki na kujifunza Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akiwa na umri wa miaka arobaini na moja. Watu walimcheka, yeye akacheka kuliko wao. Akapanga chumba Nyeri mjini, juu ya duka la viatu, na mfumo wake mkubwa wa kwanza wa kompyuta akautengenezea chama cha wakulima wa mpunga huko Mwea.

Wiki ya pili tu, Mzee Kingori, karani wa chama, alipiga simu.

"Mwalimu, hii kitu inanichanganya. Nimeandika mavuno ya mkulima wetu Watiri kwa ukurasa ya mbegu. Ati sasa amepanda magunia thelathini kwa ekari moja!"

Kesho yake Wamucii alikuwa ameketi kando yake, akimtazama akifanya kazi. Haukupita muda akaona. Fomu zote zilifanana, menyu, yaani orodha ya viungo vya kufungulia kurasa, ilikuwa ileile, na hakuna kiungo hata kimoja kilichokuambia uko ukurasa gani.

"Kosa si lako, Mzee. Ni langu."

Akafungua kompyuta yake papo hapo. Kwanza alifanya kiungo kigeuke kijani kikibofywa. Kingori akabofya "Mavuno". Kijani kikawaka mara moja, ukurasa mpya ukafunguka, kijani kikapotea.

"Imetoroka," Kingori akasema.

Bila shaka! Kila ukurasa ulikuja upya kutoka kwa seva, kompyuta inayohifadhi mfumo, haukumbuki kilichobofywa. Basi kazi hiyo akaikabidhi Java: kabla ya kutuma ukurasa, iangalie anwani ya ukurasa ulioombwa, na kiungo ambacho anwani yake ndiyo mwanzo wa anwani hiyo kipakwe kijani. Safari hii "Mavuno" ikawaka ikatulia. "Mwanzo" nayo ikawaka.

"Sasa niko pahali mbili?"

Wamucii akajipiga paji la uso. Anwani ya "Mwanzo" ilikuwa alama ya mkwaju (/) peke yake, na anwani zote huanza kwa mkwaju! Akaipa sharti lake: iwake tu anwani ikilingana yote.

Kingori akapitia kurasa zote saba, moja moja, akizisoma kwa sauti. Kila mara, kiungo kimoja tu.

"Hapo sawa," akasema, akaanza kurekebisha shamba la Watiri.

Siku hizi, kabla ya kuandika mfumo wowote, Wamucii hushinda kutwa nzima na watakaoutumia. Huuliza kidogo, hutazama sana.