Siku Niliyombeba Mama Mkwe kwa BMX

Mpaka leo nikisikia mtu wa Kajiado akicheka nyuma yangu sokoni Kitengela, masikio yananiwaka, kwa sababu najua huenda alikuwepo siku ile, na kama hakuwepo basi amesimuliwa, na aliyemsimulia ameongeza chumvi (ingawa, kusema ukweli, mkasa wenyewe haukuhitaji chumvi).

Ugonjwa wa BMX, zile baiskeli ndogo za mbio za kuruka matuta, kwetu ni wa ukoo. Marehemu baba yangu, karani mpole kule Bungoma, aliniletea moja ya mtumba nikiwa darasa la tatu, halafu akaijaribu yeye wiki mbili nzima kabla sijaigusa, eti ahakikishe iko salama. Mimi nikamfundisha binti yangu Nekesa tangu akiwa na miaka minne, kwenye vumbi nyuma ya ploti tunayokodi Kitengela. Sasa ana kumi na tatu, na akiruka tuta mama yake hufumba macho. Jumamosi hiyo alikuwa ameingia fainali Kajiado: wasichana wanane, na wanne wa kwanza ndio wangeenda kushindana Nairobi. Wiki nzima alikuwa halali vizuri.

Mama mkwe akasafiri kutoka Bungoma kuja kumshangilia. Hapa nieleze kidogo kwa asiyejua. Sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali: hamshikani mikono, hamketi pamoja, mkikutana njiani mnakwepana. Si chuki, na ukizoea ni rahisi kabisa, unahitaji tu nafasi ya kutosha. Uwanjani nafasi ilikuwepo. Yeye alikaa hemani na mke wangu, mimi nikakaa upande mwingine na Nekesa.

Kwenye mazoezi nikaona Nekesa anachelewa kuinamisha baiskeli, kulalia kona ya mwisho. Ningemweleza tu. Mimi ni mtu wa kueleza, hata kuchemsha yai nitakueleza hatua kwa hatua mpaka uive wewe. Lakini nikasema, "Lete hiyo nikuonyeshe mara moja."

"Baba, hapana. Fainali iko karibu."

"Mzunguko mmoja tu."

"Baba, hiyo si kama yako ya zamani!"

Laiti hilo la mwisho ningelisikiliza. BMX yangu ya utotoni ilikuwa inafunga breki ukirudisha pedali nyuma. Ya Nekesa iko na breki moja ya mkono, na pedali ukizirudisha zinazunguka bure kama feni. Kichwa changu kilijua. Miguu haikuambiwa.

Kona niliikata vizuri sana (naomba hilo likumbukwe). Nikanyooka kuelekea mstari wa mwisho, upepo masikioni, mzee wa miaka arobaini na sita nikijiona wa kumi, halafu nikamwona mama mkwe katikati ya njia. Kumbe alikuwa ameniona nakuja upande wa hema, akaamua kwa heshima aondoke, akakatiza hapo hapo. Nikakwepa kulia kwangu, kwa heshima. Naye, kwa heshima, akakwepa upande uleule. Nikarudisha pedali nyuma. Feni. Nikakwepa kushoto, naye huyo, na sidhani kuna watu wawili waliowahi kukwepana kwa bidii namna ile. Mwishowe akageuka akimbie, nami nikamzoa kutoka nyuma, akaketi juu ya usukani akishika mikono yangu yote miwili, na kwa hofu nikakanyaga pedali kwa nguvu hadi mnyororo ukakatika, tang!

Tukaendelea kuteremka.

"Na mzee anamaliza na abiria!" mtangazaji akapaza sauti kwenye spika, watu wakashangilia, mpaka mke wangu akapiga kelele: "Baba Nekesa! Huyo ni mama!"

"Enkai ai! Mungu wangu," mtangazaji akasema polepole, na spika ikampelekea kila mtu. "Ni mama mkwe wake."

Sasa, Wamaasai nao wana heshima hiyohiyo. Wazee wakageuka wakatupa mgongo na kujifunika shuka kichwani, akina mama wakaficha nyuso, uwanja mzima ukageuka, hata muuza maji, mtu wa Meru asiyehusika kabisa, akageuka asionekane hana adabu. Tukavuka mstari wa mwisho tukishuhudiwa na ng'ombe waliokuwa wakilisha kando peke yao, tukasimamishwa na matairi ya zamani. Mama mkwe akateremka, akanyoosha kitambaa chake, akaondoka.

Nekesa akaangalia mnyororo. "Baba," akasema, bila kupaza sauti, na ningependa angepaza.

"Fainali, dakika mbili!" spika ikaita.

Hakukuwa na muda wa kuunga. Akauchomoa mnyororo, akaniwekea mkononi. "Sogea."

Na kweli mtu anaweza kwenda bila kupiga pedali: unasukuma baiskeli chini ukishuka tuta, unaivuta ukipanda, mikono na miguu ndiyo injini. Lakini kwa fainali? Akateremka mlima wa kuanzia, akasukuma, akavuta, wawili mbele yake wakagongana, akawapita, akalalia kona ya mwisho mapema, vizuri kuliko mimi, na akamaliza wa tano, nyuma ya wa nne kwa upana wa tairi.

Alilia. Nikamwambia, "Makosa ni yangu yote."

"Najua." Akajifuta kwa glavu. "Lakini umeona ile kona?"

"Nimeiona."

Mke wangu akaja na ujumbe, maana mama mkwe alikuwa amejificha nyuma ya lori lililoegeshwa kando ya uwanja. "Mama anasema mbuzi atachinjwa nyumbani mambo yasafishwe. Na anasema akibebwa tena, abebwe na Nekesa. Wewe hujui breki."

Siku hizi nikifundisha watoto wa ploti naeleza kwa mdomo tu, mara kumi ikibidi, mikono nimeifunga nyuma, na mtoto akisema, "Basi tuonyeshe," naketi chini kabisa kwenye vumbi, naanza kueleza mara ya kumi na moja.