Kiti Nilichokipika kwa Magadi

Enzi hizo za Mjerumani, mdogo wangu alipochumbiwa Kilakala, huko bondeni alikokuwa akiishi, harusi ikapangwa huko huko; mama alikuwa kwetu juu milimani na miguu imeshamkatalia. Tukamwambia tutambeba kwa machela. Akawaka. "Kwenye machela hulala wagonjwa na Wazungu! Mimi nakwenda kumwoza mwanangu. Nitakwenda nimekaa, au siendi."

Nikaamua kumsukia kiti cha henzirani, chenye mgongo wa mviringo na mikono ya kumzuia kwenye mteremko. Fimbo za henzirani nilizitoa msituni mwenyewe, na ukaidi wake ulikuwa kama wa mama. Kila nikipinda, zinapasuka. Nikazichemsha kwa maji matupu, zikapasuka vilevile. Nililia kwa hasira, maana harusi ilikuwa inakaribia na mama hakuwa mtu wa kubadili neno.

Siku moja natia magadi kwenye maharage, akili ikanijia. Kinacholainisha maharage makavu kitashindwaje na fimbo? Nikachemsha maji ya magadi, nikayamimina kwenye mzinga mkuukuu wa nyuki uliopasuliwa, nikalaza henzirani humo. Lakini nilijaza magadi bila huruma. Zikatoka zinateleza kama mlenda, zikakatikia mkononi.

Mjomba, kaka yake mama, akachungulia. "Mpwa wangu, leo tunakula kiti?"

"Karibu, mjomba. Bado chumvi tu."

Mara ya pili nikapunguza magadi, kisha nikazisuuza kwa maji ya ndimu mpaka utelezi ukaisha. Nikaegemeza fimbo kwenye goti, nikapinda polepole. Ikazunguka yote bila hata kulia. Jamani, nilipiga vigelegele peke yangu uani, mjomba akaja mbio akidhani kuna aliyejifungua! Alipoona, akaenda kukata miti ya kubebea kiti bila kuambiwa.

Tukateremka na mama amekaa wima, khanga mpya begani. Kwenye njia nyembamba tukakutana na Mjerumani anapandishwa kwa machela. Wabebaji wake walikuwa vijana wa huku huku kwetu. Walipomwona mama, wakaitua machela chini, wakasogea pembeni.

"Shikamoo, bibi!"

Mzungu akajiinua kwa kiwiko pale chini, akamtazama mama juu.

"Marahaba, wajukuu zangu," mama akajibu. "Na mgonjwa wenu huyo, Mungu ampe nafuu."

Tulicheka mpaka Kilakala. Mama hakucheka, alitukaripia tutembee sawasawa, mwanawe anamsubiri.