Nilikuwa Mlingoti wa Antena

Harufu ya runinga yetu naijua kwa nyuma. Ilikuwa harufu ya vumbi linaloungua polepole, ya plastiki iliyopata moto, ikichanganyika na ubichi wa migomba iliyolowa nje ya dirisha nililokuwa naliegemea. Wenzangu wa mtaani Kilakala wakikumbuka utoto wao wanataja katuni, mieleka na maigizo ya jioni. Mimi nakumbuka kichogo cha runinga chenye matundu ya kutolea joto, kikilisukuma upande wangu pazia la maua mekundu lililotenganisha sebule na chumba tulicholala. Hapo nyuma ya pazia ndipo nilipokuwa nasimama kila jioni, nimeshika antena ya ndani kwa mikono miwili, pembe zake zimevutwa mpaka mwisho kama za konokono. Nikiishika, picha inatulia. Nikiiachia, chenga.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa imejibana chini kabisa ya mlima, na milima ya Uluguru haikuwa na mpango wa kutupitishia mawimbi. Mwenye nyumba alikataa katakata mtu kusimika mlingoti juu ya bati lake, akisema wapangaji wakianza kupanda juu hawaishi kupanda. Kwa hiyo Baba alihangaika na antena ya ndani. Aliifungia mfuniko wa sufuria, akaivisha waya wa shaba, akaiweka juu ya kabati la vyombo, akaining'iniza dirishani kwa kamba ya kiatu. Stesheni yetu ndogo ya mkoa, ambayo ilikuwa ya bure na ndiyo pekee iliyokuwa ikitaja mitaa tunayoijua, iliendelea kunyunyiza chenga. Siku moja akaniambia, "Zuhura, hebu nishikie hapo nivute waya." Nilipoishika tu, sebule nzima ilipiga kelele. Picha ilikuwa imetakata kama maji ya mtungi. Wakajaribu mikono mingine, ya Mama, ya majirani, hata ya Baba mwenyewe, na kila mmoja alileta chenga zake. Tangu siku hiyo Baba aliniita Mlingoti.

Ningeweza kununa, maana mshika antena haoni kitu. Lakini Baba hakuniacha gizani. Alivuta kigoda chake mpaka kwenye ukingo wa pazia, akawa ananisimulia kwa sauti ya chini yanayopita mbele yake. "Sasa huyu mama kavaa kitenge cha bluu, kakasirika kwelikweli. Mumewe kaingia. Ana uso wa mwizi wa kuku, Mlingoti, nakwambia kuna jambo hapa." Mama alilalamika kwamba tunamvurugia maigizo. Baba hakujali. Mpaka leo yapo maigizo ambayo nazikumbuka sura za watu wake waziwazi ilhali sikuwahi kuwaona, kwa kuwa niliwaona kwa mdomo wa baba yangu. Nilikuwa mtoto mwenye furaha nyuma ya pazia lile, na ninalisema hili mapema kwa sababu sehemu iliyobaki ya habari hii haina furaha.

Baba alikuwa mnunuzi wa mboga. Alipanda Mgeta, juu milimani, na lori tupu, akakaa huko siku mbili tatu akikusanya kabichi, karoti na njegere kwa wakulima wanaozishusha kichwani kwenye njia za miguu, kisha akarudi na mzigo unaoendelea Dar. Mgeta kuna baridi, kwa hiyo alikuwa na kofia ya sufu ya kijani ambayo Mama aliichukia, lakini yeye aliivaa hata akiteremka kwenye joto la mjini. Masika ya mwaka ule yalianza kama masika yote, kisha yakakataa kukoma. Mto uliopita karibu na kwetu ukabadilika rangi, ukawa unanguruma mchana kutwa. Baba aliaga akiwa amevaa kofia yake, akanigonga kidogo utosini, akasema, "Usilegeze mkono, Mlingoti, nikirudi unisimulie wewe." Nilimjibu kwamba sitaweza kumsimulia kwa sababu mimi sioni. Alicheka sana.

Habari zilishuka kabla ya watu. Kwanza tulisikia sokoni kwamba mlima umeporomoka juu ya barabara ya Mgeta, kisha kwamba kuna lori limefunikwa, kisha kwamba ni malori mawili, kisha kwamba ni moja tu. Simu ya Baba haikuita. Mama alikuwa anapiga, anasikiliza, anakata, anapiga tena, mpaka simu yenyewe ikaisha chaji mkononi mwake. Mjomba Shabani, kaka yake Mama, alikuja na kukaa kwetu. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, na alipoingia na kukaa kwenye kiti cha Baba bila kuvua koti, niliacha kuuliza Baba atarudi lini. Jioni majirani wakajaa sebuleni kusubiri taarifa ya habari. Hakuna aliyeniambia niende nyuma. Nilikwenda mwenyewe.

Nilisikia kila neno. Nilimsikia mtangazaji akisema barabara imekatika, kwamba vijana wanachimba kwa majembe, kwamba walionusurika wamehifadhiwa katika madarasa ya shule ya msingi. Nilisikia mvua ikipiga bati la shule hiyo, na mvua ya kwetu ikipiga bati letu, nikashindwa kuzitenganisha. Kisha Mama akapiga ukelele ambao sijawahi kusikia tena maishani. "Huyo! Huyo hapo! Baba Zuhura huyo, kajifunika blanketi!" Viti vikaburutwa, watu wakainuka. Kila kiungo changu kilitaka kukimbia mbele ya pazia. Nilijua nikisogea hata hatua moja picha itakufa, na baba yangu atapotea mbele ya macho ya mama yangu. Nikasimama. Nikakaza mikono. Nikawa nasubiri mtu anisimulie, na hakuna aliyenisimulia.

"Wapi?" Mjomba aliuliza. "Yupi, dada?"

"Yule wa mwisho pale ukutani! Kainamisha kichwa."

"Yule si shemeji. Yule mzee."

"Kaka, mimi nimjue mume wangu au unijulishe wewe?"

Wakati wanabishana, mtangazaji alikuwa ameshahamia kwenye bei ya mahindi. Nilipotoka nyuma ya pazia nilikuta watu wamegawanyika. Jirani mmoja aliapa kwamba ni yeye, mwingine alisema picha ilipita upesi mno. Mama alinishika mabega, macho yake yakinipapasa kifuani na usoni kana kwamba nami nimerudi kutoka Mgeta. "Zuhura, wewe ulisikia nini? Hukusikia sauti yake?" Nilimwambia nilisikia mvua. Nakumbuka jinsi mikono yake ilivyolegea.

Mjomba alipanda Mgeta kesho yake, sehemu kubwa kwa miguu. Alikaa huko muda mrefu kuliko tulivyoweza kuvumilia, na aliporudi alikuwa na tope mpaka kiunoni na kofia ya sufu ya kijani mkononi. Ilikutwa kwenye udongo karibu na lori. Dereva alikuwa ameshapatikana, maiti, na wengine pia. Baba hakupatikana, wala hai wala maiti. Shuleni waathirika walikuwa wametawanyika, kila mmoja kachukuliwa na ndugu zake, na hakuna aliyemkumbuka vizuri mtu wa blanketi. Mjomba aliweka kofia mezani, akaanza kulia. Mama hakulia. Aliichukua, akaikung'uta, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, "Si unaona? Yule wa kwenye runinga alikuwa kichwa wazi. Angekuwa na kofia ningekubali si yeye. Kofia ilibaki kwenye tope, mwenyewe akatoka." Mjomba alimtazama, akanitazama mimi.

Ndipo ulipoanza ugomvi wa kweli. Mjomba alitaka hitima isomwe, Mama akae eda, mimi nijulikane kuwa ni yatima na nisaidiwe kama yatima. Mama alikataa. "Mtu aliyeonekana kwenye taarifa ya habari hasomewi hitima," alisema, na hakuna aliyemwondoa hapo. Wanawake wa mtaani walikuja kumsihi, wakaondoka wakitikisa vichwa. Kila jioni alikaa karibu kabisa na kioo, pua inakaribia kugusa, na mimi nyuma ya pazia nimeshika, tukingoja stesheni irudie zile picha. Nilichoka mikono, nikachoka moyo. Nilimchukia mtangazaji kwa kila habari aliyosoma isiyokuwa ya kwetu. Nilichukia hata kigoda cha Baba, kilichokuwa bado kwenye ukingo wa pazia, kitupu.

Jioni moja mtangazaji alitangaza kwamba baada ya matangazo ya biashara wataonyesha tena hali ilivyokuwa Mgeta. Mjomba alikuwepo. Mama alirukia pazia, akalivuta, akanishika mkono. "Njoo mbele. Leo utazame wewe. Huyu mtoto ana macho, kaka, na baba yake anamjua hata kwa kivuli. Akisema si yeye, nakaa eda. Akisema ndiye, usinitajie hitima tena." Mjomba aliitikia. Mimi nilikuwa nimezoea kusimama nyuma ya mambo, na ghafla nikawekwa mbele ya kioo nimbebe baba yangu peke yangu, aishi au afe. Mama akaishika antena mahali pangu.

Chenga. Mama akasogea kushoto, chenga. Akaiinua juu ya kichwa, akapanda kitandani, akaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Mjomba akaenda akamnyang'anya, akajaribu yeye, huku mvua ya shule ile ikisikika wazi kabisa kutoka kwenye spika. Wakaishika wote wawili kwa pamoja. "Unaona?" Mama alikuwa anauliza kutoka nyuma ya pazia. "Zuhura, unaona?" Niliona vitu vyeupe vinavyochemka, na ndani yake, kwa mpigo mmoja wa moyo, kitu kinachofanana na ukuta na mabega yaliyoinama. Yangeweza kuwa mabega ya mtu yeyote. "Ni yeye? Zuhura! Ni yeye?"

"Sioni, mama," nilisema. "Sioni."

Hitima ilisomwa Ijumaa iliyofuata. Mama aliwapikia wageni pilau, akawapakulia vizuri, akakataa kuvaa nguo za eda. Mjomba alimwacha. Nadhani baada ya kuishika antena ile na dada yake, hakuwa na nguvu ya kumlazimisha tena. Stesheni haikurudia picha zile, lakini Mama aliendelea kungoja, na mimi niliendelea kushika mpaka nilipokuwa msichana mkubwa ninayezidi kimo cha dirisha. Ikaja siku mitambo ya analojia ikazimwa, na runinga yetu ikabaki na chenga tupu, nishike nisishike. Mama aliwasha hivyohivyo saa ya taarifa ya habari. Nilimkuta mara nyingi amekaa mbele ya zile chenga, sauti kaipunguza, anatazama.

Sasa nafundisha shule, na Mama anaishi kwangu, palepale Kilakala, nyumba yetu wenyewe, bati letu wenyewe. Ningeweza kusimika mlingoti unaofika mawinguni. Haukuhitajika. Nilinunua king'amuzi na antena ya ndani, kitu kibapa cha ukubwa wa sahani, nikakibandika ukutani kando ya dirisha, na chaneli za bure zikaingia zote, pamoja na ile ya mkoa wetu, safi mpaka unahesabu vifungo vya shati la mtangazaji. Wanangu hawaamini nikiwaambia kulikuwa na zama mtu alikuwa sehemu ya mashine. Ndiyo, tumepiga hatua, na sitaki kuzidharau. Ila zamani katika chenga zile mtu aliweza kumweka yeyote anayempenda. Leo kila uso unaonyeshwa wazi, na kila uso ni wa mtu mwingine.

Jioni ile ya kwanza nilimketisha Mama kwenye kiti kizuri. Macho yake yameingia ukungu, daktari anasema ni presha ya macho na muda wa kuyaokoa umepita, kwa hiyo kwenye runinga anaona mwanga unaocheza, basi. Aliposikia sauti imetulia bila kukwaruza, aligeuza kichwa kuelekea dirishani.

"Nani kashika?" aliuliza.

"Hakuna mtu, mama. Inajishika yenyewe."

Akapapasa nafasi iliyo kando yake. "Basi njoo ukae. Hukuwahi kutazama hata siku moja, mwanangu."

Nikavuta kigoda. Tangu hapo ndiyo kazi yetu ya kila jioni. Mimi natazama, namsimulia kwa sauti ya chini, kama nilivyosimuliwa. Namwambia huyu kavaa kitenge cha bluu, yule kakasirika. Mafuriko yakitokea mahali, au watu wakionyeshwa wamekaa chini wamejifunika, Mama hanikatizi. Ananishika mkono tu, juu kidogo ya kifundo, na vidole vyake vinakaza. Baba kama yupo ni mzee sasa, na sina hakika kwamba ningemtambua. Lakini nainama mbele, napita uso kwa uso, mpaka yule wa mwisho pale ukutani.

"Yumo?" Mama anauliza.

"Hayumo, mama. Ngoja kidogo, bado hawajamaliza."