Pumzi Yake Ilikuwa Kwa Koti Langu

Mimi si mtu wa kuogopa. Nilianza na sindano ya gunia tu, nikishonea watu magunia ya viazi pale soko la Muthara. Darasa la tatu nililiacha bila kuaga. Leo nina nyumba ya mawe, ng'ombe wa maziwa, na parachichi ambazo wanunuzi huzifuata mpaka shambani. Nimelala juu ya mizigo ya lori mvua ikininyeshea. Nimekabili mwizi mwenye panga, na ni yeye aliyekimbia. Kwa hivyo nikisema kuna asubuhi moja kule Embu niliogopa, mjue sitafuti kuhurumiwa. Nasema kilichotokea.

Niliogopa kwa sababu ya mama yangu. Mama yangu ana miaka kumi na mitano.

Kwetu Meru msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Mimi nilipata wavulana wanne mfululizo, mpaka wazee wenzangu wakaanza kunitania kwamba mama amekataa kurudi kwa sababu nilimzika na blanketi nyepesi. Kisha, mvi zikiwa zimeshanijaa, akaja huyu. Tukampa jina. Tangu siku hiyo namwita mama, na yeye akitaka kunikalia huniita mwanangu. Kwetu hakuna anayeshangaa. Lakini kuna shida yake: kaka zake niliwachapa wakaelewa, yeye, nikianza kupandisha sauti, naona kama nampandishia yule mwingine aliyenibeba mgongoni akilima. Sauti inashuka yenyewe.

Yeye husoma shule ya bweni ya Kaaga, na huko ndiko aliingia klabu ya mbio. Wanakimbia jioni baada ya masomo, na Jumamosi wanatolewa kwenda milimani. Kocha wao ni msichana wa Embu, mwembamba kama fito, ana sauti ya mbuzi aliyefungwa mbali na majani. Sikumpenda mwanzoni. Alinipigia simu nikiwa zizini akaniambia, "Baba, usishtuke, ameanguka mazoezini lakini anapumua." Sasa mtu akikuambia usishtuke, kisha akuambie mtoto anapumua, utafanya nini?

Nilimkuta kliniki. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Mabega yanapanda na kushuka kama anainua kitu kizito ambacho hakionekani, na macho ananiangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye nimeshika ile hewa na ninakataa kumpa. Daktari akasema ni pumu. Akampa pampu ndogo ya buluu ya kuvuta kwa mdomo. Akasema kukimbia anaweza, mradi pampu isiwe mbali naye.

Njiani nikamwambia, "Mama, achana na hizo mbio. Soma."

"Mwanangu, wewe ulipoambiwa uache magunia urudi shule, uliacha?"

Mbio hazikuachwa.

Mbio za nyika za ligi zilikuwa Embu, kwa uwanja wa shule moja iliyo juu ya shamba la kahawa. Nililala kwa kijana wangu anayekaa Dallas, mtaa wa hapo mjini Embu, nikafika uwanjani kabla ya klabu. Ilikuwa baridi ile ya Julai, ukungu umekalia miti. Mimi kuona ukungu tu, nikaanza kusikia kile kifua.

Ligi yao iko hivi. Kila klabu inaleta wasichana sita, na wanne wa kwanza kufika ndio wanahesabiwa kwa pamoja. Wakifika watatu tu, klabu haina matokeo, ni kama haikuja. Wetu mmoja alikuwa ameteguka mguu, mwingine aliamka akitapika. Wakabaki wanne kamili. Kocha akawakusanya, akasema, "Leo hatuna wa ziada. Mmoja akikaa chini, wote tumekaa chini." Mama yangu alikuwa anatingisha kichwa, ndiyo, ndiyo. Mimi sikuyapenda hayo maneno hata kidogo.

Mimi na mama tulienda kuangalia njia. Inatoka uwanjani, inateremka kando ya kahawa, inavuka daraja la mbao, kisha inapanda vibaya sana ndani ya mikaratusi, inatokea juu na kurudi uwanjani. Mara mbili. Kaptura yao haina mfuko. Mkononi alikuwa ameshajaribu kubeba pampu siku moja mazoezini akaiangusha kwenye majani, ikatafutwa na klabu nzima. Kwa hivyo tulikuwa na mpango. Pale juu, kwa kona ya mikaratusi, nitasimama mimi.

"Hapa hapa," akaniambia, akapiga ardhi kwa kiatu. "Nikinyoosha mkono, nipe. Nisiponyoosha, usinishike. Watanitoa ukinishika."

"Sawa, mama."

Akaitia pampu kwa mfuko wa ndani wa koti langu, akaupigapiga kwa kiganja. "Na usiende popote, mwanangu."

"Nitaenda wapi?"

Kocha alikuwa ameniambia wavulana ndio wataanza, kwa hivyo nilirudi uwanjani kumwangalia mama akipasha mwili moto. Hapo ndipo niliposhikwa mkono. Mwalimu mmoja mwenye utepe kifuani aliona kofia yangu, akaona bakora, basi kwake nilikuwa nimeshakuwa mgeni wa heshima.

"Mzee, karibu kwa hema."

"Mimi niko sawa. Nina mahali pangu kule juu."

"Aa, mzee! Watu watasema tumewaacha wazee wakisimama na watoto? Hiyo aibu usituletee."

Mtu wa pande zetu anaelewa. Mzee akikataa kiti mbele ya watu, ni matusi, na watu huuliza umekosewa nini. Nikaketi, nikiwaza nitakunywa kikombe kimoja kisha niinuke. Nikawekwa katikati ya safu, meza imebana magoti, chai ya maziwa mbele, nduma mkononi. Kushoto mchungaji. Kulia mtu mmoja mnene wa mambo ya kahawa, aliyejaza kiti chake na nusu ya changu.

Filimbi ikalia. Nikaona jezi za njano zinateremka. Njano ni yetu.

"Hao ni wasichana!" nikasema.

"Basi la wavulana limechelewa," mtu wa kahawa akaniambia, akichukua nduma nyingine. "Wamebadilisha."

Nikashika bakora kuinuka. Mchungaji naye akainuka, akaniwekea mkono begani, akasema tuombe. Sasa fikiria. Mkono wa mchungaji uko begani mwangu, hema lote limefunga macho, na mama yangu anakimbia kwa ukungu huku pumzi yake iko kwa koti langu. Nikajisogeza kidogo. Mkono ukakaza. Nadhani aliona natetemeka akafikiri nimeguswa na maombi, kwa sababu aliongeza sauti na kuniombea mimi peke yangu.

Macho yangu hayakufunga. Niliwaona wanatokea juu ya kahawa kumaliza mzunguko wa kwanza. Alikuwa wa nne katika wetu, nyuma kidogo. Alipita mbele ya hema, upande ule wa kamba, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka, kiganja wazi. Alikuwa amepita kona ya mikaratusi akiunyoosha kwa mtu ambaye hayuko, na sasa anaunyoosha kwa watu wote, akitafuta kofia yangu. Nikamwita. Spika za maombi zikanimeza. Kisha akateremka tena.

Sijawahi kusikia amina iliyochelewa kama ile.

Ilipokuja, meza haikusogea. Nikasema, "Nipisheni." Mtu wa kahawa akasema, "Mzee, tulia, wewe ndiye unafuata kusalimia." Kwetu wazee husalimia watu kwa maiki, mmoja mmoja, kila mmoja akisema ni mafupi na hayawi mafupi. Mimi sikuwa nasikia. Nilikuwa naangalia ule mdomo wa mikaratusi mahali njia inatokea. Akatoka wa njano mmoja. Nikangoja. Akatoka wa pili. Wakatoka wa rangi nyingine kwa kundi. Akatoka wa njano wa tatu, anachechemea.

Kisha haikutoka rangi yoyote. Mikaratusi tu, na ukungu.

Kuna baridi inayoanzia ndani. Nilikuwa naisikia midomo yangu kana kwamba si yangu. Nikakumbuka mama, yule wa kwanza, alivyokutwa amekaa chini kwa njia ya mtoni, mzigo wa kuni bado uko mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso, kama mtu anayepumzika. Niliambiwa alikuwa anapumzika. Nikaenda mbio kumwamsha. Nikawaza: na huyu pia amekaa chini.

Maiki ikawekwa mkononi mwangu. "Mzee, kwa ufupi tu."

Nikasema, "Mama! Mama, simama hapo ulipo! Usikimbie tena! Pampu ninayo mimi, nakuja!"

Spika zile zilifika mpaka ng'ambo ya mto. Uwanja mzima ukacheka.

"Guka amepotelewa na mamake!" kijana mmoja akapiga kelele kutoka kwa kamba, guka yaani babu.

"Guka, mamako ako na miaka ngapi?"

"Kumi na tano!" nikajibu kwa maiki, na wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Kocha hakucheka. Anajua namwita nani mama. Nilimwona anaruka kamba kama swala, nikaitoa ile pampu, nikamnyooshea juu ya meza. Vikombe vilikwenda chini, chai ikamwingia mtu wa kahawa mapajani. Kocha akainyakua, akakata katikati ya kahawa. Nikamfuata. Niliipindua meza. Sikuomba radhi, na siombi hata leo.

Goti langu la kulia ni bovu. Niliteremka kwa matako mahali pengine, koti likinaswa na matawi ya kahawa, kofia ikabaki huko. Nilichokuwa nasikia ni kifua changu tu, na nilikuwa nataka kisinyamaze na pia kinyamaze, ili nisikie chake. Nilikuwa nasema "mama, mama" kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyeamka nyumba ikiwa tupu. Daraja nililivuka nimeshika mbao kwa mikono. Kisha ule mlima. Nikiwa chini ya miti nikasikia sauti ya kocha inasema, "Toa. Sasa vuta. Toa." Nikashindwa kusogea. Kwa sababu kocha anaweza kumwambia mtu avute, na mtu asivute.

Halafu nikasikia filimbi. Ile ya kifua. Niliichukia ile sauti kliniki. Pale chini ya mikaratusi nilitaka kuipigia magoti.

Alikuwa amekaa kwenye matope, midomo rangi ya jivu. Nyuma yake msichana wa klabu nyingine, jezi nyekundu, alikuwa amemwegemeza kifuani mwake kumshikilia asilale. Aliacha mbio zake akakaa naye. "Alikuwa anataka kutambaa," yule msichana akaniambia. "Nikamwambia si huyo ni baba yako kwa spika, tulia."

Mama yangu akanitazama. Hakuweza kusema. Akainua mkono, akapiga koti langu kwa kiganja, pale pale kwa mfuko wa ndani. Mara moja, mara ya pili. Mfuko ulikuwa tupu. Nimepigwa na wanaume wengi nikitafuta maisha, na hakuna kipigo ninachokikumbuka kama hicho.

Sauti iliporudi, alisema neno moja: "Nimalize."

"Leo basi," kocha akasema.

"Nitatembea. Watu wanne..."

"Nimesema basi."

Akanigeukia. "Mwanangu, mwambie."

Hapo ndipo nilipompandishia sauti kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Nilisema hapana. Haikushuka. Miti yote ilisikia. Akalia kwa hasira, akakohoa, akavuta pampu tena, na mimi nikamfurahia kila tone la machozi kwa sababu maiti hailii.

Klabu haikupata matokeo. Wale watatu walikaa kwenye nyasi bila kunitazama. Kurudi Meru alikaa kiti cha mbele na kocha, mimi nyuma, na alipofika Kaaga alishuka akasema "Baba, kwaheri." Baba. Nilijua nimeshushwa cheo.

Nyumbani nilitafuta ile sindano yangu ya gunia. Ilikuwa nene mno, nikaazima ya mke wangu, ambaye alinicheka. Nikashona mfuko mdogo kwa kitambaa cha turubai, na mkanda wa kufunga kiunoni, mshono mara mbili kama wa gunia linalokwenda mbali. Nikampelekea shuleni siku ya wageni. Akaujaribu, akaruka juu mara kadhaa. Haukucheza.

"Umeshona vibaya hapa pembeni," akasema.

"Mimi ni mtu wa magunia."

"Naona, mwanangu."

Mbio za ligi zilizofuata zilikuwa karibu, pale Meru. Nilikwenda bila kofia na bila bakora, nikasimama juu ya mteremko mahali hakuna hema, goti likiniuma. Walipopita mara ya kwanza aliniona, akaugusa ule mfuko kiunoni kwa vidole, akaendelea. Wakaingia kwenye miti. Na mimi, mzee mzima, mkono wangu ukaingia kwa koti kutafuta pampu, ukakuta hakuna kitu, nikakumbuka iko wapi, na bado ukabaki humo ndani umeshika kitambaa, mpaka njano ya nne ilipotoka.