Petroli ya Miwa na Toba Yangu

Petroli ya Nairobi ilipoanza kuchanganywa na spiriti ya miwa, yaani pombe kali, mimi mzee wa kanisa hapa Buruburu niliapa sitaigusa. Jumapili moja gari likaniishia mafuta. Nikamwomba jirani yangu Wafula; akiwa bafuni, akanijibu nifyonze mafuta kidogo kwenye pikapu yake. Nikatumbukiza mpira wa maji kwenye tangi lake, nikatia ncha mdomoni, nikameza funda zima. Kichwa kikazunguka. Nikalimiminia gari langu mafuta yaliyobaki, likakohoa mara mbili likazima, nikajua nalo limelewa. Nikaenda kanisani kwa miguu nikipepesuka, nimemwegemea mke wangu, nikasimama mbele ya waumini nikatubu: "Ndugu zangu, nimelewa."

Wafula akainuka kule nyuma. "Lakini mzee, pikapu yangu ni ya dizeli."

Mke wangu akanigeukia. "Baba Njeri, sasa mimi nilikuwa nakubeba ya nini?"