Aliyejitwalia Shikamoo Zetu

Enzi zetu Kintinku, mwaka ule wa ukame, sisi watoto tukicheza rede karibu na reli, ndipo akashuka kwenye treni yule mtu tuliyekuja kumwita Baba Mwanga. Jamani, wenzangu wa rika langu, yule mtu! Wala hakupiga kelele. Alikuwa anakaa chini na akina mama wanaochambua mlenda, anauliza taratibu: "Mwanangu, nani kakuchosha hivi?" Baba yangu alikuwa kapeleka ng'ombe mbali, anatafuta malisho. Mama hajawahi kuulizwa swali kama lile maisha yake yote. Akalia, akawa mfuasi wake.

Masharti aliyaleta kidogokidogo, kama unavyotia chumvi. Kwanza, msile na wasiosali kwake. Haya. Kisha shikamoo ni yake peke yake, mkubwa mwingine mpite tu. Tukawa tunapita wazee kama tunapita visiki! Mwisho akasema dunia inaisha kabla ya mavuno, msipande, mbegu leteni kwake. Mama akafunga mbegu yetu yote ya uwele kwenye kanga.

Anatoka nayo mlangoni, bibi huyo, mama yake mzazi, kaja kwa miguu kutusalimia. Mama akampita kimya. Weee! Bibi akamzunguka mbele, akapiga magoti vumbini, akamwambia binti yake wa kumzaa: "Shikamoo, mama."

Sisi watoto tulishika midomo. Mama mdomo wazi, marahaba haitoki. Utamwitikiaje aliyekuzaa? Mzigo ukamponyoka.

"Inuka mama, utaniletea laana!"

"Siinuki mpaka unijue."

Wakalia wote pale chini, wee, halafu wakachukua majembe wakaenda kupanda.

Mvua ikanyesha, dunia ikabaki. Mnadhani wale wengine walimwacha Baba Mwanga? Wapi! Akawaambia maombi yao ndiyo yameizuia isiishe, wakazidi kumpenda, na njaa yao tumboni. Mpaka leo nashangaa: mdomo tu, hata fimbo hakushika!

Vijana wa sasa wanamfuata mtu wa kwenye simu, hata kikohozi chake hawajakisikia kwa karibu. Nawacheka, nawaambia nati zimelegea kichwani. Halafu namkumbuka bibi. Yule wa kwetu mama alimfuata kwa kupita mlangoni, na bibi akauziba mlango. Huyu wa sasa yumo ndani ya simu, mjukuu wangu kajifunika naye blanketi, mimi sijui nikapige magoti wapi.