Kitambaa Cheupe Mbele ya Dirisha Letu

Juzi nilimsikia mzee mmoja redioni akilisifu baraza la mji wetu mdogo kwa kupima moshi wa magari miaka ile ya sabini. Ati walijali mapafu ya wananchi. Nilizima redio kwa hasira mpaka kitufe kikabaki mkononi. Mapafu ya nani?

Sisi ndio tuliokuwa na mapafu pale. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya mlima, na barabara ya kutoka Mbeya kwenda Iringa ilipita karibu kabisa na dirisha. Malori yalipanda yakinguruma na kutapika moshi mweusi, na mdogo wangu wa kike, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alikuwa na pumu. Lori likipita, mtoto anakaa kitako, mabega yanapanda na kushuka, macho yamemtoka. Mama alikwenda kwa diwani wetu mpaka akachoka. Jibu lilikuwa lile lile.

"Mama, lori ndiyo maendeleo. Unataka tupande punda?"

Kisha akaja mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi tulipangwa barabarani na matawi mikononi, tuimbe. Mgeni alikuwa amesimama kwenye Landrova ya wazi, suti nyeupe pe, na mbele yake basi bovu lisilo na pa kupishia. Mlima mzima alikula moshi wa basi lile. Alipofika kwetu alikuwa kama muuza mkaa, anakohoa tu. Tulicheka tukasahau wimbo, na mwalimu akatuchapa wote.

Wiki haikuisha, sheria ikapita. Kumbe inawezekana! Mtoto akikosa pumzi haiwezekani, suti ikichafuka inawezekana.

Na sheria yenyewe, jamani. Kila gari lisimame lipimwe kabla ya kuingia mjini. Sehemu tambarare ya kusimamisha malori ilikuwa moja tu, mbele ya dirisha letu. Mkaguzi alishika kitambaa cheupe kwenye bomba la moshi, dereva akakanyaga mafuta mpaka mwisho, na kitambaa kikiwa cheusi gari lilirudishwa. Mengine yalingoja foleni, injini zinawaka. Moshi uliokuwa ukipita njia sasa ukashinda nasi kutwa.

Mama akambeba mtoto mgongoni, akampeleka kwa diwani ili asikie mwenyewe kifua kinavyokoroma. Diwani hakunyanyuka hata kitini.

"Mama nawe huridhiki. Si ulilia moshi upimwe? Ndio huo unapimwa."

Nimezeeka, na bado namchukia mtu yule kwa maneno hayo.

Mdogo wangu akapelekwa kwa bibi, milimani huko ng'ambo ya Iringa, apate hewa. Tulisema ni kwa muda tu, mpaka ukaguzi uhamishwe. Mama aliendelea kwenda kuuliza, na ukaguzi uliendelea kuwa pale pale.

Krismasi moja bibi alimleta. Mtoto alikuwa amenenepa, anapumua vizuri. Akamwamkia Mama, "Kamwene," salamu ya huko kwa bibi, kwa adabu yote, kama anavyoamkiwa mwenyeji usiyemzoea, akakaa ukingoni mwa kiti. Nje lori likasimama, dereva akakanyaga mafuta. Mtoto akaziba pua, akamvuta bibi nguo.

"Bibi, tunarudi nyumbani lini?"

Aliyejibu ni Mama.

"Kesho, mwanangu," akasema, akaenda kufunga dirisha.